Usimwambie nahodha arushe flamingo: Venye safari za boti kwa mikoko ya Mexico hufanya kazi

Taja Mexico kwa mbogi yoyote Nairobi na utarudishiwa vitu tatu: tacos, bahari ya Cancún, na zile soap zilizofanya mboga ziungue jikoni kila jioni tukiwa watoto. Hakuna msee atakutajia mikoko. Mikoko kwetu ni mambo ya Lamu, ya Gazi, ya Mida huko Watamu. Ni boriti za nyumba za zamani na kaa wa matope.

Sasa shika hii. Mexico iko kati ya nchi zenye mikoko mingi zaidi duniani. Wako na zaidi ya hekta 900,000. Kenya nzima, ukipima kutoka Vanga hadi Kiunga, tuko na kama hekta 61,000. Na zaidi ya nusu ya hiyo yao imejazana kwa rasi moja tu, Yucatán, ile sehemu inachomoza upande wa mashariki na kutenganisha Ghuba ya Mexico na bahari ya Karibi. Cancún iko hapo hapo. Kwa hivyo wale wasee wote unaona wakipiga picha na miwani ya jua kwa mchanga mweupe wako karibu sana na msitu unaoota ndani ya maji ya chumvi, wenye mamba, mwari, kamba na ndege wa rangi ya waridi, na wengi wao watarudi kwao bila kujua.

Kama una binamu Texas anayekuambia mkutane Mexico Desemba, ama uko hapa unaweka doh polepole kwa chama, hii ni ya kukuchanua: hiyo safari ya boti ni nini hasa, unaona nini, na ni wapi pesa yako inaweza kuharibu kitu ambacho umeenda kuona. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi hawaambiwi.

Chagua maji yako kwanza

Yucatán iko na sehemu nyingi za kupanda boti, lakini usichanganye.

Ukikaa Tulum, iliyo karibu ni Sian Ka'an, hifadhi ambayo UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1987. Upande wa Muyil kuna mifereji ya zamani ya Wamaya inayopita katikati ya mikoko na nyasi za maji. Unavaa jaketi la kuelea, unaingia majini, na mkondo unakubeba wenyewe taratibu. Ni poa sana, lakini kama umeendea flamingo, hapo utangoja.

Flamingo wako sehemu mbili kubwa, na hapa kalenda ndiyo inaongea. Río Lagartos, kaskazini kabisa mwa rasi, ndiko wanakotaga na kulea watoto, kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa nane. Celestún, upande wa magharibi, ndiko wengi huenda kula wakati wa baridi ya kule, yaani Novemba hadi Machi. Ni ndege wale wale, wanahama tu kama mwanafunzi anayetoka ocha kurudi hosteli. Ukifika Celestún Julai ukakuta ndege kumi wamesimama mbali kama vijiti vya meno, usilaumu nahodha. Umeenda wakati wenyewe wameenda maternity.

Karibu na Río Lagartos kuna Las Coloradas, yale mabwawa ya maji ya pinki umeona TikTok. Hayo ni mabwawa ya kiwanda cha chumvi, na rangi inatoka kwa vijidudu na uduvi wadogo wanaopenda chumvi kali. Kuogelea hapo hairuhusiwi. Picha unapata, kuingia huingii.

Mimi ningechagua Celestún, na sababu ni ya ajabu kidogo. Inahusu mwisho wa dinosaria.

Kimondo kilichoacha chemchemi

Miaka milioni 66 iliyopita, kimondo chenye upana wa kama kilomita 10 kiligonga dunia hapo hapo Yucatán. Kilomita 10 ni kama kutoka Archives hadi Kangemi, jiwe moja, likishuka kutoka juu. Kiliacha shimo la upana wa kama kilomita 180, zaidi ya kutoka Nairobi hadi Nakuru. Dinosaria wakaisha, isipokuwa ile familia iliyozaa ndege. Weka hiyo akilini, flamingo wanakuja.

Leo shimo hilo huwezi kuliona. Limezikwa chini ya tabaka nene la mawe ya chokaa yaliyojengeka baadaye chini ya bahari. Lakini kingo zake bado zinafanya kazi. Mawe ya chokaa ni kama mahamri: juu yanaonekana magumu, ukipasua ndani ni mashimo matupu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Yucatán haina mito juu ya ardhi. Mvua ikinyesha inazama, inaanza kutembea chini kwa chini kuelekea baharini. Mahali ambapo dari ya pango imeanguka, unapata kisima kikubwa cha maji safi kinachoitwa cenote, neno lililotoka kwa lugha ya Wamaya. Na ukichora cenote hizo kwa ramani, unaona nyingi zimejipanga kwa nusu duara, zikifuata ukingo wa lile shimo la kimondo.

Hiyo nusu duara inagusa bahari sehemu mbili. Moja ni Dzilam, upande wa mashariki. Nyingine ni Celestún.

Kwa hivyo Celestún inapokea maji matamu mengi kutoka chini ya ardhi, yanachemka kama chemchemi ndani ya mkono mrefu wa bahari wenye urefu wa kama kilomita 20. Wenyewe huuita ría. Maji matamu yanakutana na ya chumvi, yanachanganyika, hayana kina kirefu, na chini ni tope laini lililojaa wadudu na konokono wadogo. Mikoko inapenda hivyo. Flamingo wanapenda hivyo zaidi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kama kuna mwalimu angenifundisha jiografia kwa kuanza na kimondo, pengine tungeelewana.

Kuna upande mwingine wa hiyo stori ya maji. Kama mvua inazama, hata uchafu unazama. Mérida, mji mkuu wa jimbo, ni mji mkubwa ambao nyumba nyingi zinategemea mashimo ya maji taka, na jimbo limejaa mashamba makubwa ya nguruwe ambayo wanakijiji wamekuwa wakiyapinga kwa miaka. Kinachomwagwa bara hakikai bara.

Ndani ya boti

Celestún ni mji wa wavuvi, kama kilomita 90 kutoka Mérida. Boti zinatoka sehemu mbili. Kuna kituo karibu na daraja unapoingia mjini, ambapo unaingia moja kwa moja kwa ría. Na kuna boti za ufukweni mjini, ambazo huzunguka kwa bahari kwanza na safari yake ni ndefu zaidi. Boti zenyewe ni za faiba, na injini ya nyuma, nyingine zina turubai juu. Kwa kawaida bei ni ya boti nzima, si ya kichwa, kwa hivyo ukienda solo utaumia. Ngoja pale kituoni, tafuta watu wengine, gawaneni. Hii si aibu, kila mtu anafanya.

Safari ya kawaida inachukua saa moja na nusu, saa mbili hivi. Inaanza na maji wazi, na kitu cha kwanza utashtuka nacho ni rangi. Maji karibu na mikoko ni mekundu ya kahawia kama chai ya rangi iliyokaa sana. Si uchafu. Ni rangi inayotoka kwa majani na magome ya mikoko, ile ile iliyotumika zamani kulainisha ngozi.

Kisha boti inaingia kwa handaki. Mikoko imekutana juu, mizizi imeshuka pande zote kama miguu ya buibui, na mwanga unakuja kwa vipande. Nahodha mzuri hapo anazima injini na kuchukua upondo. Kukishakuwa kimya, utasikia maji yakigonga mizizi, kaa wakikimbia kwa magome, na ndege ambao hutawaona.

Mexico iko na aina nne za mikoko wanazotaja sana. Mwekundu ndio ule wenye miguu mirefu majini, na ni ndugu wa karibu wa mkoko wetu wa Pwani. Mweusi uko nyuma kidogo, na unajulikana kwa vijiti vinavyotoka chini ya tope kama penseli zilizochomekwa, hivyo ndivyo unavuta hewa. Sisi ndugu yake tunamwita mchu. Ramba jani lake utasikia chumvi, kwa sababu mti unaitoa nje kupitia majani. Mweupe na ule wa nne, wanaouita botoncillo, wako kwa ardhi iliyoinuka.

Mti unaoota kwa tope lisilo na hewa na maji ya chumvi ungefaa kuwa umekufa. Mkoko mwekundu unazuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi kabla haijaingia. Na mbegu yake haingoji kuanguka ndiyo iote. Inaota ikiwa bado juu kwa mama yake, inakuwa ndefu kama kalamu, kisha inadondoka. Ikipata tope inasimama hapo hapo. Ikipata maji, inaelea hadi kwingine kuanza maisha. Mtoto anayetoka kejani akiwa ameshajipanga.

Katikati ya mikoko kuna visiwa vya miti mirefu tofauti, vinaitwa petenes. Ukiona kisiwa kama hicho, jua chini yake kuna chemchemi. Boti nyingi husimama kwa moja yenye daraja la mbao, na maji yake ni meupe na baridi hadi unaona samaki chini. Watu huogelea. Kabla hujaruka, mambo mawili. Moja, hifadhi hii ina mamba, aina mbili kabisa, kwa hivyo muulize nahodha kama leo ni salama na ukubali jibu lake. Mbili, ile dawa ya mbu na krimu ya jua uliyojipaka asubuhi itabaki kwa hayo maji ukitoka. Vaa shati la mikono mirefu badala ya kujipaka kilo nzima, ama usiingie.

Ndege wengine njiani hata hutajua majina yao. Mwari wa kahawia wakidaka samaki kama wameangushwa. Mnandi wakianika mabawa. Yangeyange wamesimama kwa mguu mmoja wakijifanya hawakuoni. Kuna mmoja mweusi mwenye mkia wa panda na mabawa marefu sana, anapaa juu bila kupiga bawa, na kazi yake nyingine ni kunyang'anya ndege wengine samaki waliovua. Kila mtaa una huyo.

Hapo kwa flamingo

Sasa tufike pale.

Flamingo wa Mexico si wale wa Nakuru na Bogoria. Wengi wa kwetu ni wale wadogo, weupe wenye pinki, wanaokula mwani wa maziwa ya magadi. Wa Karibi ni mkubwa zaidi, na rangi yake ni kali, karibu machungwa yaliyoiva. Jina lake la kisayansi limebeba neno la Kilatini la wekundu. Rangi hiyo haizaliwi nayo, inaliwa. Kifaranga anatoka kijivu kama vumbi la Eastlands, na anachukua miaka kadhaa kuwa mwekundu, akila uduvi, konokono na vitu vingine vyenye ile rangi ya karoti. Anakula kichwa kikiwa chini juu, mdomo ukichuja tope kama chujio la chai, ulimi ukipampu. Na kwa sababu vile vitu ni vidogo, lazima achuje kwa masaa mengi. Mchana hata usiku.

Kumbuka hiyo masaa mengi.

Ile picha kila mtu anataka ni flamingo mia tatu wakiruka pamoja, mabawa wazi, ndani pinki na ncha nyeusi. Ukiiona kwa Instagram unadhani ndege walijisikia tu kuruka. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni boti imetoka kwa njia yake ya maji, ikaenda mbio kuelekea kundi, injini ikipiga kelele, hadi wakashtuka. Kisha abiria wakapiga makofi.

Flamingo haruki kama njiwa wa Jeevanjee. Anakimbia kwanza juu ya maji hatua kadhaa, akipiga mabawa, ndipo anyanyuke. Ni mwili mzito na ni gharama. Akitua, hainamishi kichwa kula mara moja. Anasimama shingo juu akiangalia kama unarudi. Na unarudi, kwa sababu nyuma yako kuna boti nyingine, na nyingine. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 kuhusu boti za utalii na flamingo wa Yucatán ambao hawako kwa msimu wa kuzaa, na ulionyesha kitu ambacho wavuvi wazee wangekuambia bila karatasi: boti zikisogea, flamingo wanapunguza kula na kuongeza kuangalia-angalia.

Unaweza kusema, si ni dakika tu? Lakini waza ni msimu gani. Celestún ni mahali pa kujaza tangi kabla ya kwenda Río Lagartos kuzaa. Flamingo anataga yai moja. Sio kama kuku, ni moja, juu ya kilima cha tope, na baba na mama wote wanalilalia na kumlisha kifaranga maziwa mekundu yanayotengenezwa kooni mwao. Ndege aliyefika huko akiwa amekonda ana nafasi moja tu ya mwaka, na anaweza kuipoteza. Msee aliyepiga makofi hatakuwa hapo kuona.

Hawa ndege tayari waliponea kidogo. Katikati ya karne iliyopita flamingo wa Yucatán walikuwa wamebaki maelfu machache. Mwaka wa 1979 serikali ya Mexico ilifanya Celestún na Ría Lagartos kuwa makimbilio ya wanyama, baadaye zikapandishwa kuwa hifadhi za biosfia, na leo wamerudi kuwa makumi ya maelfu. Kwa hivyo si stori ya huzuni. Ni stori ya kitu kilichorudi kwa sababu watu waliambiwa wakae mbali kidogo, na sasa tunalipa nauli ili tusogee.

Na mwenye boti si shetani, wueh, tusimwekee. Wengi ni wavuvi walio kwa vyama vya ushirika, fikiria sacco ya mathree lakini ya majini. Anaweza kupata safari moja siku hiyo, petroli ni yake, na sehemu tamu ya mapato ni ile bakshishi mkononi mwishoni. Amejifunza kutoka kwa abiria. Abiria wakifurahia ndege kuruka, bakshishi inapanda. Wakikaa mbali, wengine wananuna na kuandika mtandaoni kwamba hawakuona kitu. Wewe ukiwa konda ungefanya nini?

Ndiyo maana rimoti iko kwako, na unaibonyeza kabla hamjatoka. Si mkiwa katikati ya maji na injini inanguruma. Pale unapolipa, mwambie hamtaki ndege waruke. Kihispania chako kikiwa cha soap, hizi zinatosha: "No los espante, por favor", usiwashtue tafadhali. "Despacio", polepole. "Apague el motor", zima injini. Kisha mkifika, kaeni chini, msipige kelele, acha droni kejani. Kundi likianza kunyanyua shingo zote pamoja na kutembea upande mmoja, mko karibu sana tayari. Rudini nyuma. Na mwishoni mpe bakshishi nzuri, nzuri kuliko ya wale wa makofi, na umwambie ni ya nini. Hiyo ndiyo lugha inayobadilisha biashara.

Ogopa pia nahodha anayerusha samaki ili mamba asogee boti. Inaleta video safi. Lakini mamba akishajua kwamba sauti ya injini ni dishi, mvuvi anayekuja kesho na mtumbwi mdogo hajui hilo deni. Na mamba akimuuma mtu, anayeuawa ni mamba.

Mikoko yenyewe iko na vita vyake

Labda unajiuliza mbona fujo yote kuhusu miti ya tope. Septemba 1988 kimbunga Gilbert kiligonga Yucatán, moja ya vimbunga vikali zaidi kuwahi kurekodiwa Atlantiki, na mikoko mingi ya pwani ililazwa chini. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwa nyumba. Samaki na kamba wadogo hujificha kwa mizizi yake hadi wakue. Tope lake limefungia kaboni nyingi, kwa hekta moja ni mara kadhaa ya misitu mingi ya nchi kavu.

Mexico ilijua hayo. Mwaka wa 2007 sheria yao ya wanyamapori iliongezewa kipengele kinachokataza kung'oa, kujaza udongo ama kuharibu mikoko. Lakini Cancún yenyewe, ambayo ilianza kujengwa kama mji wa hoteli mwaka wa 1970, imekaa kwa mchanga mwembamba kati ya bahari na ziwa la mikoko, na kila hoteli inataka nafasi. Mwaka wa 2015 watoto 113 wa Cancún walienda kortini kuzuia ujenzi kwa sehemu inayoitwa Tajamar. Soma tena: watoto. Wakaambiwa waweke dhamana ya mamilioni ya peso. Januari 2016, alfajiri, matingatinga yakaingia yakiwa na polisi na kufyeka mikoko. Picha zilienea dunia nzima, na korti baadaye ikasimamisha kazi. Ukitembea huko leo, huo ndio uwanja unaoonekana hauna maana yoyote.

Kuna upande wenye matumaini pia. Chelem, kijiji cha pwani si mbali na Mérida, kuna kundi la wanawake wanaoitwa Chelemeras. Wanaingia kwa tope na koleo, wanachimba mifereji maji yatembee tena, wanainua vilima vidogo vya udongo na kupanda mikoko. Kazi ni ngumu, jua ni kali, na mwanzoni wengi kijijini waliona ni vituko. Mtu wa Gazi, Kwale, akiwaona atajua ni dada zake. Mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko ya Gazi tangu 2013, na pesa zikaenda kwa maji na shule za kijiji. Wale wa Chelem na wale wa Gazi hawajuani, lakini matope ni yale yale.

Mambo ya kupanga

Visa: Mkenya anahitaji visa ya Mexico. Lakini ukiwa na visa halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani ama Schengen, wanakuingiza nayo kama mtalii. Ubalozi wao uko Nairobi, thibitisha kabla hujalipa tiketi. Ndege ya moja kwa moja hakuna.

Shuka Mérida kama unaweza. Cancún ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Mérida hadi Celestún kuna basi na kuna matatu zao, kama saa mbili. Uliza ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi mara tu unaposhuka, si baada ya kula. Kuna ada ya kuingia hifadhi, tofauti na ya boti.

Enda asubuhi mapema. Upepo hupanda mchana na jua halina huruma. Novemba hadi Machi kuna pepo za kaskazini wanazoita nortes, zikivuma bandari inafungwa kwa boti ndogo siku moja, mbili, hata tatu. Kwa hivyo usiweke Celestún siku ya mwisho ya likizo yako. Jaketi la kuelea livae, hata kama maji yanafika kiunoni.

Na dishi. Celestún wanapika pweza, na pweza wa Yucatán huvuliwa kisheria kuanzia Agosti 1 hadi Desemba 15 tu. Nje ya hapo, kile uko nacho kwa sahani kimetoka kwa friza. Flamingo wengi wanaanza kuwepo Novemba. Piga hesabu: ukifika kati ya katikati ya Novemba na Desemba 15, unapata wote wawili, mmoja wa kuangalia kwa mbali na mmoja wa kula na ndimu.